Meno ya Maji ya Meru

Binti wa kaka yangu amemaliza kidato cha sita na sasa anatafuta kazi ya mapokezi katika hoteli za Arusha. Majuzi alinitumia picha ya kichupa cha dawa ya kung'arisha meno, moja ya hizi zinazotangazwa usiku na mchana kwenye simu: kushoto meno ya kahawia, kulia meno meupe pee, chini bei na namba ya kulipia. Akaandika, "Shangazi, shikamoo. Hii inafanya kazi kweli?" Hakunieleza kwa nini anaitaka. Amezaliwa Maji ya Chai, nami nimekulia huko huko, na nimemwona mara nyingi akicheka huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Nilimjibu kwamba asinunue kwanza, tutaongea. Nilipokaa kupanga la kumwambia, nikajikuta narudi nyuma miaka mingi, kwa sababu karibu kila ninachokijua kuhusu meno yenye madoa nilijifunza kupitia meno yangu mwenyewe.

Nyumbani kwetu, kusini mashariki mwa Mlima Meru, maji yalikuwa ya mfereji na ya chemchemi. Yalikuwa mengi, baridi, na matamu kuyanywa. Tulikunywa hayo, tukapikia hayo, na kande ikichelewa kuiva mama aliitupia kipande cha magadi ili mahindi na maharage yalainike. Meno ya utoto yaliota mazuri. Ya kudumu yalipokuja yalikuwa na weupe wa chokaa usio na mng'aro, kisha mwaka hadi mwaka yakashika rangi: kwanza manjano hafifu, halafu kahawia, hadi meno mawili ya mbele yakawa na mkanda wa kahawia uliokatiza katikati. Kaka zangu walikuwa hivyo, majirani walikuwa hivyo, mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa hivyo. Hakuna aliyeona aibu, kwa maana hapakuwa na wa kujilinganisha naye.

Maelezo hayakukosekana. Wapo waliosema ni pipi, wapo waliosema ni damu ya ukoo. Bibi alisema ni maji, basi, na hakuongeza neno. Nikilitazama sasa naona bibi alikuwa amewatangulia wengi.

Aibu niliipata shule ya sekondari ya bweni, mbali na Meru. Kwenye paredi ya ukaguzi wa usafi, mwalimu wa zamu alipita akitazama kucha, kola na meno. Alipofika kwangu alisimama, akanitoa mstarini, akanituma nirudi bwenini nikapige mswaki. Nilikuwa nimepiga asubuhi ileile. Niliporudi meno yakiwa vilevile aliniambia, mbele ya wenzangu, kwamba msichana mchafu haolewi. Kuanzia siku hiyo nilijifunza kuongea bila kufungua mdomo sana, na kwenye picha zote za miaka ile nimefumba midomo.

Nimemtafakari mwalimu yule mara nyingi. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini, kama wengi wanavyoamini hadi leo, kwamba jino lenye rangi ni jino lisilosafishwa. Dhana hiyo ndiyo inayouza vile vichupa. Ukishamwaminisha mtu kwamba doa lake ni uchafu, atanunua chochote cha kusugua.

Na sisi tulisugua. Bwenini tulikuwa kadhaa kutoka Meru, Arumeru na Hai, na kila mmoja alikuwa na dawa aliyoisikia mahali: mkaa uliotwangwa, majivu, mchanga laini wa mtoni, chumvi na ndimu. Meno yalionekana kung'aa kwa muda, kisha yakarudi kama yalivyokuwa, ila sasa maji ya baridi yalichoma hadi utosini. Sababu yake niliijua baadaye. Sehemu ya nje ya jino, enameli, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini haina chembe hai za kuijenga upya. Ikilika, imelika. Chini yake kuna dentini, ambayo kwa asili ina unjano, kwa hiyo anayesugua enameli hadi ikawa nyembamba anakaribisha unjano aliokuwa akiukimbia. Ndimu hulainisha enameli kwa asidi, mkaa na mchanga huikwangua ikiwa imelainika. Viwili hivyo vikikutana kila asubuhi, jino halina ujanja.

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilipangiwa kazi mkoani Tanga, na huko ndiko nilikopata mwanga. Tabibu wa meno alikuja shuleni kupima wanafunzi. Alipomaliza nao, walimu na wafanyakazi nasi tukapanga foleni. Mbele yangu alikuwa mzee mlinzi wa shule, mvutaji wa sigara na mpenzi wa kahawa chungu, ambaye meno yake ya chini, kwa upande wa ndani, yalikuwa yameungana kwa ugaga mweusi. Tabibu alimkwangua kwa vyuma vyake, akamsugua kwa unga na brashi, akamwambia asukutue. Mzee alitema, akaomba kioo, akatazama muda mrefu. Meno yalikuwa meupe. Alikuwa ameishi nayo miaka mingi yakiwa meupe chini ya ugaga bila kujua.

Nikakaa kitini nikitarajia yaleyale. Tabibu alitazama, hakukwangua kitu. Alichukua kipira cha kupulizia hewa, akalikausha jino langu moja la mbele, akanipa kioo. Jino lilipokauka, sehemu iliyokuwa ya kawaida iligeuka nyeupe kavu mbele ya macho yangu, na mpaka wa doa ukaonekana wazi. Akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, umekulia wapi?" Nilipomtajia, akatikisa kichwa. Akasema meno yangu ni safi kuliko ya wengi aliowaona siku hiyo.

Akanieleza, na nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini nilipoelezwa kwa mara ya kwanza. Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yanayopita humo huibeba. Ndiyo maana tatizo letu liko pia Nakuru na sehemu za Ethiopia. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya maji kuzunguka Meru vimekipita mbali. Magadi nayo yana floraidi, na watafiti wameyahusisha na madoa hata mahali ambapo maji yenyewe si mabaya sana. Mtoto akiipata kwa wingi wakati enameli ya meno yake ya kudumu inajengwa ndani ya taya, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, enameli hiyo hutoka na vinyweleo vingi chini ya uso wake. Jino huota likiwa na weupe wa chokaa, kisha rangi za chakula na vinywaji huingia taratibu na kubaki humo, kama chaki inavyofyonza wino. Mswaki haufiki huko. Mkaa haufiki. Na mtu akishapita umri huo, anaweza kunywa maji yaleyale maisha yake yote bila meno yake kupata doa jipya la aina hiyo, ingawa mifupa inaweza kudhurika ikiwa floraidi ni nyingi mno. Kwetu wapo waliopinda miguu.

Jambo lililonifariji mno nilikuja kulisoma miaka ya karibuni. Mwaka 1901 daktari kijana wa meno, Frederick McKay, alifika Colorado Springs huko Marekani akakuta wenyeji wana madoa ya kahawia yaleyale. Watu wa kule walisema ni kula nguruwe kupita kiasi, au maziwa mabovu, au maji yenye chokaa. McKay alifuatilia kwa karibu miaka thelathini, na alikuwa ameona mapema kwamba meno yale hayaozi kwa wepesi. Jibu lilipatikana mwaka 1931, mwanakemia H. V. Churchill wa kampuni ya aluminiamu alipopima maji ya mji wa Bauxite, Arkansas, akakuta floraidi. Dawa ya meno yenye floraidi kidogo tunayotumia leo ilitokana na safari hiyo iliyoanzia kwenye midomo yenye madoa. Niliposoma habari hizo nilimkumbuka bibi na lile neno lake moja.

Siku ile Tanga nilitoka kitini na meno yaleyale niliyoingia nayo, lakini sikuwa mtu yuleyule. Jioni nilikaa barazani na walimu wenzangu, mmoja akasimulia kisa, nikacheka mdomo wazi. Hakuna kilichobadilika kinywani. Kilichoondoka ni ile shutuma ya uchafu niliyokuwa nimeibeba tangu paredini. Nasema hivi kwa uzito kwa sababu wauzaji wa vichupa wanauza kujiamini, na mimi nilikupata bila kuweka kitu chochote kwenye meno.

Lakini sitaki kumdanganya binti wa kaka yangu kwamba kuelewa kunatosha. Nilipokwenda masomoni Dar es Salaam, nikawa na kipato kidogo, niliamua kuyatengeneza, na sioni kosa lolote katika hilo. Mtu kutaka sura yake impendeze ni haki yake.

Daktari wa kliniki niliyokwenda alianza kwa kuchunguza kama kuna jino lililotoboka au fizi zinazovuja damu, kwa sababu dawa ya kung'arisha ikiingia kwenye tundu humwunguza mtu vibaya. Kisha akanionyesha njia zilizopo, kuanzia nyepesi. Kwa doa la juu, la chai, kahawa, sigara, miraa au tambuu, kukwangua na kusugua kunatosha, kama kwa yule mzee. Kwa jino ambalo rangi yake imeingia ndani, dawa hasa ni haidrojeni peroksaidi, au kabamaidi peroksaidi ambayo hutoa ile ya kwanza polepole. Hupenya enameli na kuvunjavunja rangi iliyojificha. Njia ya kuvaa usiku kitrei cha plastiki laini kilichopimwa kwa meno ya mtu mwenyewe, chenye kabamaidi ya asilimia 10, ilielezwa na madaktari wa Marekani Haywood na Heymann mwaka 1989, na bado inatumika duniani kote.

Kwa madoa kama yetu, alisema, peroksaidi peke yake mara nyingi haitoshi. Alianza kwa kulila doa lenyewe kidogo sana. Alinipaka mafuta ya mgando kwenye midomo na fizi, akavuta kipande chembamba cha mpira hadi meno ya mbele tu ndiyo yakachomoza, kisha akapaka uji mzito uliochanganywa kwa asidi ya haidrokloriki na unga wa jiwe la volkano, akausugua kwa kikombe cha mpira kinachozunguka taratibu. Sekunde chache, anasuuza, anatazama, anarudia. Nilikuwa nimeshika kioo kidogo, nikaona ule mkanda wa kahawia niliouzoea tangu utotoni ukififia hadi ukabaki kivuli. Kinachoondolewa ni utando mwembamba sana, ila ni daktari anayejua pa kuishia, na ndiyo maana kazi hiyo haifai kufanywa saluni wala nyumbani. Mafundi wa saluni wameanza kuifanya, na inanitia hofu.

Baada ya hapo nikavaa vile vitrei usiku kwa muda. Meno yalisisimka kwa baridi siku za mwanzo, yakatulia. Nilishtuka nilipoona vidoa vyeupe vimekolea kuliko zamani, lakini daktari alikuwa amenitahadharisha: weupe wa chokaa hauondoki kwa peroksaidi, ila meno yaliyobaki yakishakuwa meupe, tofauti hupungua. Ikawa hivyo. Jino moja lilikuwa na vishimo, akalifunika kwa kompositi, ule ujazo wa rangi ya jino. Kwa wale ambao enameli imemomonyoka kabisa kuna vifuniko vyembamba vya kauri, lakini hivyo ni ghali, mara nyingi hudai jino lichongwe, na baada ya miaka vitadai kubadilishwa. Kijana wa miaka kumi na tisa asikimbilie huko. Ipo pia njia iliyotoka Ujerumani, ya kuingiza resini nyepesi kwenye vile vinyweleo ili weupe wa chokaa ufichike. Mimi sijaitumia, lakini nimemwona aliyefanyiwa na kazi ilikuwa nzuri.

Pale kliniki nilimkuta kijana aliyeanguka baiskeli utotoni, jino lake moja la mbele limekuwa jeusi na mengine yote meupe. Alikuwa ameshanunua dawa za kila aina. Doa lake lilitokana na mshipa wa jino uliokufa, damu ikaingia ndani ya dentini. Tiba yake ilikuwa kusafisha mzizi kwanza, kisha kuweka dawa ya kung'arisha ndani ya jino lenyewe, si nje. Na mama mmoja alikuwa na mistari ya kijivu kwenye meno yote, kwa sababu alipokuwa mdogo alipewa tetrasaiklini, dawa ambayo watoto wa chini ya miaka minane na wajawazito hawatakiwi kupewa. Yeye aliambiwa atavaa vitrei kwa miezi, si wiki. Tulikaa benchi moja, watu watatu wenye madoa matatu, na kichupa kimoja cha kwenye simu kingetuuzia ahadi moja.

Ndiyo maana nilimwambia binti wa kaka yangu aanze kwa kumwona daktari, hata wa hospitali ya mkoa, na amuulize swali moja: doa langu limetoka wapi? Kichupa kile hakitaji kina nini wala kiasi gani. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2012, haziruhusu bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya peroksaidi kuuzwa hivihivi kwa mteja. Iliyozidi hapo hadi asilimia 6 huanzia kwa daktari wa meno, na haitumiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Kwetu msichana wa darasa la saba ananunua chochote kwa simu ya mama yake, na hakuna anayemuuliza.

Nilimkumbusha pia habari za mjomba wangu, ambaye yeye humwita babu, aliyekuwa dalali wa ndizi katika soko la Tengeru. Meno yake yalikuwa ya kahawia iliyoiva, na hakuna mtu pale sokoni aliyecheka kwa sauti kama yeye. Wateja walikuja Jumatano na Jumamosi wakimtafuta yeye kwanza. Hakupata kukanyaga kliniki ya meno hadi anafariki. Simtaji ili kumzuia binti asitibiwe. Namtaja kwa sababu usaili wake wa kwanza unakuja kabla kitrei hakijafanya kazi, na nataka aingie mle akiwa hajaziba mdomo.

Linaloniuma zaidi ni kwamba mdogo wake ana miaka mitatu. Meno yake ya kudumu ya mbele yanajengwa sasa hivi, hayajaota. Kwake yeye fedha kidogo inatosha kuyakinga. Wengi hudhani kuchemsha maji kunasaidia, kumbe maji hupungua kwa mvuke na floraidi inabaki ileile, kwa hiyo kinachobaki sufuriani ni kikali zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa kwa bati safi karibu hayana floraidi kabisa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, kilomita chache kutoka kwetu, kimefundisha kwa miaka mingi kuchuja maji kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, ambayo hunasa floraidi, mradi yabadilishwe yakishachoka. Kikomo cha kitaifa, ambacho kiliwahi kuwa miligramu 4 kwa lita, kimeshushwa hadi 1.5, na Jiji la Arusha limepata mradi mkubwa wa maji kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lakini bomba halijafika kila kitongoji, na mtoto hasubiri bomba ili akue.

Kaka yangu ameshaweka mfereji wa bati na tangi, dogo lakini linatosha maji ya kunywa na ya uji wa mtoto. Magadi wameyaacha, kande inalowekwa usiku kucha na inaiva. Dawa ya meno mtoto anawekewa kiasi kidogo, si zaidi ya punje ya njegere, na anafundishwa kutema. Haya yote waliyajua kutoka kwangu, si kutoka kliniki ya watoto ambako mama yake alimpeleka kupimwa uzito mwezi baada ya mwezi tangu alipozaliwa. Pale kila mama wa Meru hupita na mtoto wake mgongoni, katika miaka ileile ambayo enameli inajengwa. Nesi anamuuliza kuhusu chanjo, kuhusu chandarua, kuhusu kunyonyesha. Naomba waganga wakuu wa wilaya za ukanda huu waongeze swali moja kwenye orodha hiyo, wamuulize mama anachota wapi maji ya mtoto, na wawe na jibu la kumpa.